Feni Inayozunguka Kwenye Skrini: Mwongozo wa Kuichora Isidanganye

Mtu aliyekaa kwenye chumba cha udhibiti cha kiwanda cha saruji haioni feni inayovuta moshi wa tanuri. Iko nje, nyuma ya kuta na vumbi, na kelele yake haimfikii. Anachokiona ni mchoro wa feni kwenye skrini. Mchoro ukizunguka, anaamini feni inazunguka, na atafanya uamuzi juu ya imani hiyo: ataongeza moto tanurini, ataupunguza, atamwita fundi au atamwacha aendelee na kazi nyingine. Kwa hiyo wewe unayechora skrini hizo, uwe unatumia InTouch, WinCC, FactoryTalk View au Ignition, unatoa ushahidi kwa niaba ya mashine. Nitakuonyesha namna ya kuizungusha picha vizuri. Lakini kwanza jibu swali ambalo mafunzo mengi ya programu hizi hulipita haraka: ni taarifa ipi hasa inayoipa picha hiyo haki ya kuzunguka?

Ushahidi kwanza, picha baadaye

Mota moja huleta taarifa za aina kadhaa kwenye PLC, ile kompyuta ya kabatini inayoendesha mitambo, na taarifa hizo hazina uzito sawa. Ya kwanza ni amri: PLC imeiambia mota iwake. Hiyo ni nia tu. Ya pili ni mrejesho wa kontakta, yaani kontakti saidizi inayosema kwamba kontakta imeshika na umeme umeelekezwa kwenye mota. Ya tatu ni mkondo wa umeme unaopimwa au unaosomwa kutoka kwenye inveta. Ya nne, yenye nguvu kuliko zote, ni kasi inayopimwa kwenye ekseli yenyewe ya kile kinachozunguka.

Wachoraji wengi hufunga mzunguko wa picha kwenye amri, kwa sababu tagi ya amri ndiyo iliyo karibu na mkono. Usifanye hivyo hata kwa skrini ya majaribio, kwa maana skrini za majaribio zina tabia ya kubaki kazini miaka mingi. Mfano mkubwa wa hatari hii uko kwenye historia ya nishati ya nyuklia. Tarehe 28 Machi 1979, katika kinu namba 2 cha Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania huko Marekani, vali ya kupunguza shinikizo ilifunguka kama ilivyotakiwa, kisha ikakwama bila kufunga. Taa iliyokuwa mbele ya waendeshaji haikuwa ikionyesha mahali vali ilipo. Ilionyesha kama vali imepelekewa umeme wa kufungua. Umeme ulipokatwa taa ikazimika, nao wakaelewa kwamba vali imefungwa. Maji ya kupozea yaliendelea kutoka kwa zaidi ya saa mbili, na sehemu ya kiini cha kinu ikayeyuka. Palikuwa na makosa mengine siku ile, lakini taa hiyo inatosha kukufundisha: ilisema kweli kuhusu amri, na watu wakaisoma kama habari ya vali.

Sasa rudi kwenye feni yako. Kama inaendeshwa kwa mikanda, mikanda inaweza kukatika huku mota ikizunguka vizuri kabisa. Kontakta imeshika, mrejesho upo, feni imesimama. Mkondo wa umeme utashuka, na mwendeshaji mzoefu ataliona hilo, ila picha iliyofungwa kwenye kontakta itaendelea kuzunguka na kumwambia asiwe na wasiwasi. Dawa yake ni sensa ya ukaribu inayohesabu vipande vya chuma vilivyofungwa kwenye ekseli ya feni yenyewe. Hapo ushahidi unatoka kwenye kitu kilekile unachokichora.

Angalia pia muda wa kusubiri pigo la sensa. Tanuri la saruji huzunguka polepole, mara tatu hadi tano kwa dakika. Likizunguka mara 4 kwa dakika na ukaweka kipande kimoja cha chuma, pigo linakuja kila sekunde 15. Ukiiambia PLC ihesabu kuwa limesimama baada ya sekunde 10 bila pigo, skrini itatangaza kusimama na kuanza tena kila mzunguko. Weka vipande vinne, pigo litakuja kila baada ya sekunde zisizofika 4, na muda wa sekunde 10 utakuwa na maana.

Pale ambapo hakuna sensa ya kasi na bajeti haipo, tumia mrejesho wa kontakta pamoja na mkondo wa umeme uliovuka kiwango fulani, na uandike kwenye maelezo ya skrini kwamba picha inaonyesha mota, haionyeshi feni. Waendeshaji wana haki ya kulijua hilo.

Kuna upande wa pili ambao unaniuma zaidi, kwa sababu unagusa uhai wa fundi. Feni kubwa ikikatiwa umeme haisimami papo hapo. Uzito wake huisukuma dakika kadhaa, na mvuto wa hewa kwenye bomba unaweza kuizungusha hata baada ya hapo. Picha iliyofungwa kwenye kontakta itasimama sekunde ileile umeme unapokatwa, wakati mapanga bado yana nguvu ya kukata mkono. Hii ni sababu nyingine ya kutaka kasi halisi. Na hata ukiwa nayo, picha iliyotulia isihesabiwe kuwa ruhusa ya kufungua kifuniko. Ruhusa hutolewa na kufuli lililofungwa kwenye swichi kuu, lenye jina la fundi, na macho yaliyokwenda kuangalia.

Hali ni zaidi ya mbili

Kuzunguka na kutulia hakutoshi. Feni ina hali tano unazopaswa kuzitofautisha. Imesimama. Inaanza, yaani amri ipo na mwendo bado. Inazunguka. Imetripu. Na ya tano, ambayo husahaulika sana: haijulikani, kwa sababu mawasiliano yamekatika.

Zungusha katika hali moja tu, ile ambayo mwendo umethibitishwa. Wakati wa kuanza, picha itulie na ibadilishe rangi ya ukingo, au iandikwe neno INAANZA chini yake. Mwendeshaji akiona neno hilo limedumu kupita muda wa kawaida, anajua kuna tatizo kabla alamu haijalia. Ukizungusha picha tangu amri inapotolewa, umemnyang'anya dakika hizo.

Hali ya tano ndiyo mtego mkubwa wa picha zinazozungushwa na kompyuta ya mwendeshaji yenyewe. Kebo ya mtandao ikichomoka, tagi hubaki na thamani yake ya mwisho. Kama thamani hiyo ilikuwa 1, picha itazunguka kwa raha mpaka mtu agundue kwamba namba zote kwenye skrini zimeganda. Karibu kila programu ya skrini hubeba, pamoja na thamani ya tagi, alama ya ubora wa taarifa. Kwenye OPC ya zamani ubora mzuri ni namba 192. Kwa hiyo sharti la kuzunguka liandikwe hivi, kwa maneno ya kawaida: kasi imepita kiwango cha chini, NA ubora wa tagi ya kasi ni mzuri. Ubora ukiharibika, picha isimame, ififie, na iwekwe alama ya wazi ya kukosa mawasiliano. Nakuomba usiache ionekane sawa na feni iliyosimama, kwa kuwa hizo ni habari mbili tofauti kabisa.

Na kama mfumo wako hauna ubora wa kutegemewa, tengeneza mapigo ya moyo. PLC iongeze hesabu moja kila sekunde, na skrini iangalie kama hesabu hiyo imebadilika ndani ya sekunde 5 zilizopita. Isipobadilika, picha zote zinazotegemea PLC hiyo ziingie hali ya haijulikani kwa pamoja.

Kitovu cha picha

Sasa tuchore. Tuseme feni yetu ina mapanga matatu, kila moja lina urefu wa pikseli 60 kutoka kitovuni, na panga moja linaelekea juu. Umeyaunganisha mapanga kuwa kundi moja, umewasha mzunguko, na feni inayumba. Haizunguki mahali pamoja, inapepesuka.

Sababu ni hesabu ndogo. Programu nyingi huzungusha kitu kwa kufuata katikati ya mstatili unaokizunguka. Panga la juu linafika pikseli 60 juu ya kitovu. Ncha za mapanga mawili ya chini zinafika pikseli 30 tu chini ya kitovu, kwa kuwa yameelekea pembeni. Mstatili wote una kimo cha pikseli 90 hivi, na katikati yake iko pikseli 15 juu ya kitovu halisi. Feni inazunguka kufuata pale, siyo kitovuni. Feni yenye mapanga manne au sita haina ugonjwa huu, ndiyo maana mtu anaweza kuchora skrini nyingi bila kukutana nao, kisha siku anachora turbini ya upepo akapoteza jioni nzima.

Tiba iliyo nyepesi kuliko zote ni duara lisiloonekana. Chora duara lenye nusukipenyo cha pikseli 60, kitovu chake kikae juu ya kitovu cha feni, liondolee rangi na mstari, kisha liunganishe na mapanga katika kundi moja. Mstatili wa kundi sasa ni mraba wa 120 kwa 120 na katikati yake ni kitovu. Njia hii inafanya kazi karibu kwenye kila programu. Njia nyingine ni kuandika umbali wa kitovu kwa namba. InTouch, kwa mfano, katika kiungo chake cha mwelekeo hukupa nafasi ya kuingiza umbali huo kwa pikseli kutoka katikati ya kitu, kwa mlalo na kwa wima. Napendelea duara, kwa sababu mtu mwingine akija kukuza picha mara mbili, duara linakua nayo, wakati namba ulizoandika zinaweza kubaki vilevile.

Wanaochora kwa SVG ndani ya kivinjari, kama ilivyo kwa Perspective ya Ignition iliyotoka 2019, wana tatizo lao. Kipande cha SVG kikizungushwa kwa CSS bila maelezo zaidi, huzunguka kufuata kona ya juu kushoto ya turubai yote. Feni inaruka kutoka mahali pake, inachora tao kubwa na kutoweka nje ya skrini. Ukiona hivyo usihangaike na skripti. Weka `transform-box: fill-box` pamoja na `transform-origin: center`, na uwe na lile duara lisiloonekana ndani ya kundi. Au andika mzunguko moja kwa moja kwenye sifa ya kipande, kwa mfano `rotate(40, 200, 150)`, ambapo namba mbili za mwisho ni mahali pa kitovu kwenye turubai.

Jambo jingine la umbo: feni inayotazamwa kwa pembeni kidogo huonekana kama yai. Ukichora yai na kulizungusha, yai lote litapinduka, na hakuna feni inayofanya hivyo. Zungusha duara kwanza, kisha libonyeze. Kwa vitendo, kundi la ndani libebe mzunguko, na kundi la nje libebe ubonyezo. Ukigeuza mpangilio huo, umerudi kwenye yai linalopinduka.

Hatua ya kila mara

Hapa ndipo picha nyingi hudanganya bila mchoraji kujua. Umewahi kuona kwenye filamu gurudumu la gari linaloonekana kurudi nyuma huku gari likienda mbele. Kamera inapiga picha kwa vipindi, na jicho linaunganisha kila picha na ile iliyo karibu nayo zaidi. Skrini ya mitambo ni mbaya zaidi kuliko filamu, kwani nyingi hubadilisha picha mara moja au mbili tu kwa sekunde.

Chukua feni ya mapanga manne yanayofanana. Ukiizungusha nyuzi 90, hakuna kilichobadilika machoni. Kwa hiyo ukiipa hatua ya nyuzi 90 kila mara, itaonekana imesimama kabisa. Ukiipa nyuzi 80, itaonekana inarudi nyuma nyuzi 10. Ukiipa nyuzi 45, jicho halijui ilikoelekea, na watu wawili waliokaa pamoja watabishana. Kanuni yake: gawa 360 kwa idadi ya mapanga, kisha chukua theluthi ya jibu. Kwa mapanga manne, theluthi ya 90 ni nyuzi 30. Kwa matatu, theluthi ya 120 ni nyuzi 40. Kwa sita, nyuzi 20. Hatua ya theluthi inatosha kuonekana, na iko chini ya nusu, kwa hiyo mwelekeo hauna utata.

Kanuni hiyo inakupa zawadi. Feni ya mapanga manne ikishazunguka hatua tatu za nyuzi 30, inafanana na ilivyoanza. Huhitaji kuizungusha duara zima. Picha tatu zinatosha: ya nyuzi 0, ya 30 na ya 60, zikionyeshwa kwa zamu. Kwenye paneli ndogo zisizo na uwezo wa kuzungusha kitu, zile za mlangoni mwa kabati, hii ndiyo njia. Unachora fremu tatu, unaziweka juu ya sehemu moja, na kila moja inaonekana wakati hesabu ikiwa 0, 1 au 2. Usitumie fremu mbili. Mbili ni zile nyuzi 45 za ubishi.

Ukitaka mwelekeo uonekane bila shaka yoyote, tia panga moja rangi nzito kuliko mengine. Lakini jiulize kama unaujua mwelekeo huo. Mota ya fezi tatu iliyobadilishiwa waya mbili wakati wa matengenezo huzunguka kinyume, kontakta inashika kama kawaida, na pampu ya kusukuma kwa panga itaendelea kutoa maji kiasi ingawa pungufu. Skrini haiwezi kujua. Pale penye kontakta mbili, ya kwenda mbele na ya kurudi, kama kwenye mkanda unaogeuzwa, mwelekeo ni habari yenye maana na uonyeshe. Pengine pote, mwelekeo wa picha ni pambo, na waendeshaji waambiwe hivyo.

Vipi kuhusu kasi halisi? Mota ya nguzo nne kwenye umeme wa hezi 50 huzunguka karibu mara 1450 kwa dakika ikiwa na mzigo. Hiyo ni mara 24 kila sekunde. Hata kivinjari kinachochora picha 60 kwa sekunde kingeisogeza nyuzi 145 kila picha, na kwa mapanga matatu jicho lingeona nyuzi 25 tu. Achana na jaribio hilo. Kasi ya picha iwe ishara, na namba halisi iandikwe pembeni yake: mizunguko kwa dakika, au asilimia ya inveta. Tanuri, kwa upande wake, linaweza kuonyeshwa kwa kasi yake ya kweli. Mara 4 kwa dakika ni nyuzi 24 kwa sekunde, hatua ya nyuzi 12 kila nusu sekunde, na mwendeshaji aliyewahi kusimama chini ya tanuri atautambua mwendo huo.

Nani ahesabu?

Mtu anayekuja kwenye skrini akitokea upande wa PLC hupenda kuweka hesabu ya nyuzi ndani ya PLC. Inafanya kazi, nayo ni mahali pabaya. Kila hatua ya picha inapita mtandaoni, kwa kila skrini iliyofunguliwa, na tagi hiyo ikiingizwa kwa bahati mbaya kwenye kumbukumbu ya data, diski inajaa nyuzi za feni badala ya joto la tanuri. PLC itume hali na kasi peke yake. Nyuzi zihesabiwe na kompyuta inayoonyesha.

Katika InTouch unaweza kuepuka skripti kabisa, kwa sababu programu hiyo ina tagi za mfumo zinazohesabu sekunde na milisekunde. Nyuzi za picha zinatokana na hesabu ya tagi hizo. Ukitumia hesabu yako mwenyewe, ikumbushe kurudi. Namba ya biti 16 yenye alama hufika 32767, na kwa nyuzi 60 kila sekunde utafika huko baada ya dakika 9 hivi. Baada ya hapo namba inaruka kuwa hasi au skripti inasimama kwa kosa. Kila ikifika 360 au zaidi, toa 360. Usiirudishe kwenye sifuri, maana hatua isiyogawanya 360 sawasawa itaacha mshtuko mmoja kila mzunguko.

Wa kivinjari wana njia bora: hesabu isiwepo. Tengeneza mtindo wenye fremu kuu mbili, kutoka nyuzi 0 hadi 360, unaojirudia bila kikomo, na uuweke au uuondoe kwenye picha kulingana na hali. Mambo matatu yataharibu kazi yako usipoyaangalia. Mwendo wa kawaida wa CSS huanza polepole, huongeza kasi na kupunguza tena, hivyo feni itaonekana kama inapumua; weka `linear`. Ukitumia `transition` badala ya fremu kuu, feni ikitoka nyuzi 350 kwenda 0 itarudi nyuma duara karibu zima kwa ghafla. Na ukibadilisha muda wa mzunguko wakati picha inazunguka, picha inaruka, kwa sababu kivinjari kinakokotoa upya mahali ilipopaswa kuwa. Kwa hiyo usiufunge muda huo moja kwa moja kwenye kasi ya inveta inayotikisika kila wakati. Gawa kasi kwenye madaraja matatu, mathalani sekunde 4, 2 na 1 kwa mzunguko, na uweke pengo kidogo kati ya kupanda na kushuka daraja ili picha isiyumbe mpakani.

Picha za GIF zinazojizungusha nazitaja ili uziache. Haziwezi kubadilisha kasi, na ukitaka isimame lazima uwe na picha ya pili iliyotulia ya kubadilishana nayo.

Vitu vinavyozunguka vikiwa vimelala

Tanuri, kinu cha mipira na skrubu ya kusafirishia unga huchorwa kwa ubavu, na hapo hakuna pembe ya kuzungusha. Unachokiona kwa macho ni alama za juu ya ngozi ya chuma zikishuka au zikipanda. Chora silinda, weka juu yake michirizi kadhaa ya mlalo, isogeze wima ndani ya dirisha lenye ukubwa wa silinda, na ikishasogea umbali wa mchirizi mmoja hadi mwingine irudishe ilipoanza. Jicho halioni mrudio. Kwa skrubu michirizi iwe ya mshazari na isogee kwa mlalo. Kanuni ya theluthi inashika hapahapa: kila hatua iwe theluthi ya umbali kati ya mchirizi na mchirizi.

Vichache tu vizunguke

Baada ya kukufundisha yote hayo, nakuomba uyatumie kwa uchache. Jicho la binadamu huvutwa na kinachosogea, hata kikiwa pembeni. Ukiwa na skrini yenye feni kumi na mbili zinazozunguka kwa furaha, jicho linaitwa mahali kumi na mbili ambapo kila kitu ni kizima, na pampu moja iliyotripu, iliyotulia kimya katikati yao, haimwiti mtu. Bill Hollifield na wenzake, katika kitabu chao cha 2008 kuhusu skrini za mitambo, The High Performance HMI Handbook, wanahesabu pampu zinazozunguka miongoni mwa dalili za skrini mbovu, na hoja yao ni nzito. Kiwango cha ANSI/ISA-101.01 cha 2015 kinakutaka uandike falsafa ya skrini zako kabla ya kuchora chochote. Humo ndimo uandike ni vitu gani vitaruhusiwa kusogea na kwa nini.

Kwenye kiwanda cha saruji, iwe Wazo Hill, Tanga, Mtwara au Hima, mimi ningeruhusu tanuri lizunguke kwenye skrini kuu na pengine hilo tu. Tanuri lenye moto likisimama, hupinda kwa uzito wake, ndiyo maana lina mota ya akiba ya kuligeuza polepole umeme mkuu ukikosekana. Kusimama kwake ni habari kubwa kuliko karibu zote, na mwendo wa polepole unaokoma ghafla utaonekana na mtu aliyekuwa akiangalia skrini nyingine. Feni, pampu na vilisho vibaki na rangi mbili tulivu na neno, na mzunguko wao uwekwe kwenye skrini ya ndani ambayo mwendeshaji huifungua anapotaka kuchunguza mashine moja. Paneli iliyo pembeni ya mashine yenyewe, na skrini ya kufundishia wageni kazini, zinaweza kuwa na mwendo zaidi.

Kuijaribu

Jaribu kabla ya kukabidhi, na mwendeshaji akiwa ameketi nawe. Toa amri huku kontakta imezuiwa: picha haitakiwi kusogea. Acha mota iwake na uchomoe waya wa sensa ya kasi: picha isimame ndani ya muda uliopanga, na alamu ije. Acha feni ikizunguka, kisha chomoa kebo ya mtandao ya PLC, na uhesabu sekunde mpaka alama ya kukosa mawasiliano itokee. Rudisha kebo na uone kama picha inashika tena bila kufungua skrini upya. Fungua skrini zote kwenye kompyuta dhaifu kuliko zote zilizopo kiwandani, siyo kwenye laptopu yako, na uangalie kama kubonyeza kitufe cha kusimamisha bado kunajibu mara moja. Ikiwa picha zinazozunguka zinachelewesha kitufe hicho, ondoa picha.

Mwisho, usinakili feni iliyokamilika kutoka skrini hadi skrini. Ifanye kiolezo kimoja chenye nafasi nne za kujaza: tagi ya amri, tagi ya mwendo, kiwango cha chini cha kasi na jina la mashine. Sharti la hali tano, lile duara lisiloonekana na hatua ya theluthi vikae ndani ya kiolezo. Siku kiwanda kitakapofunga sensa za kasi kwenye feni ambazo leo zinategemea kontakta, utabadilisha tagi moja kwa kila feni, na skrini zote zitafuata.